Kaza kwanza, ndipo uwashe mashine

Kwenye jimu nyingi za mjini utaikuta pembeni, karibu na kioo: jukwaa dogo la kutetemesha mwili, lenye mpini wa kushikilia. Juu yake kuna mtu amenyoosha magoti, anachezea simu, huku nyama za mapaja zikitikisika. Dakika kumi zikiisha anashuka akiamini kwamba tumbo lake limefanya kazi. Halijafanya. Mtetemo ulioingia kwa nyayo umeishia kwa sehemu kubwa miguuni, na uliobaki umepita kwenye mifupa ukafika kichwani. Misuli ya tumbo na mgongo, ambayo ndiyo iliyomleta, imeambulia makombo.

Mashine hii inaweza kuifaa misuli hiyo kwelikweli, lakini kwa sharti moja: mtetemo uikute imeshakazwa, na mwili umeshakaa mkao sahihi. Mkao ndio unaojenga, mtetemo unaongezea. Ukigeuza mpangilio huo unapoteza muda, na pengine unajiumiza kiuno.

Misuli hiyo huitwa misuli ya kiini, na ninapoitaja sikusudii vile vipande sita vya tumbo vinavyopigiwa picha. Nakusudia mfuko mzima: juu kiwambo cha kupumulia, chini sakafu ya nyonga, nyuma misuli mifupi inayoshikanisha pingili na pingili (wataalamu huiita maltifidasi), na kuzunguka yote hayo msuli mpana uliolala kama mkanda. Mwanamke anayeingia kazi nzito hujifunga kibwebwe. Huo msuli mpana ni kibwebwe cha ndani. Kwa mtu mzima wa afya hukaza kabla mkono haujanyanyuka. Mwaka 1996 Hodges na Richardson wa Australia walionyesha kwamba kwa wenye maumivu ya muda mrefu ya kiuno msuli huo huchelewa. Kwa hiyo tatizo si nguvu peke yake, ni pia kuwahi.

Hapo ndipo mtetemo unapopata nafasi. Ndani ya kila msuli kuna vihisio vidogo vinavyopima unavyovutwa. Jukwaa linapotikisika mara 30 kwa sekunde, msuli unavutwa na kuachiwa mara 30, na uti wa mgongo hujibu kwa kuukaza bila kungoja ubongo uamue. Watafiti wa Sweden, Eklund na Hagbarth, walilieleza jibu hili mwaka 1966 kwa kutetemesha misuli na kano moja kwa moja. Jambo la kushika ni kwamba jibu hilo huwa kubwa msuli ukiwa umekazwa kidogo au umevutwa. Uliolegea haupeleki habari nyingi. Ni kama uzi wa gambusi: uulegeze, uupige utakavyo, hautoi sauti.

Mashine zenyewe ni za aina mbili. Ya kwanza jukwaa lote hupanda na kushuka kwa pamoja. Inayojulikana zaidi ya aina hii ni Power Plate, na kasi yake ya kawaida ni kati ya Hz 25 na 50, yaani mitetemo 25 hadi 50 kwa sekunde, jukwaa likisogea milimita chache tu. Ya pili hucheza kama pembea ya ubao, kushoto kukipanda kulia kunashuka. Galileo ya Ujerumani ni ya aina hii, na mashine nyingi ndogo za nyumbani zimefuata mtindo huo. Hizi huenda kati ya Hz 5 na 30, na mwendo wake unategemea unapokanyaga: miguu ikikaribia katikati mtikisiko ni mdogo, ikienda pembeni unakuwa mkubwa. Watu wawili kwenye mashine moja, namba moja kwenye skrini yake, wanaweza kuwa wanapokea vitu viwili tofauti kabisa.

Inafaa kuijua hesabu ya nguvu, maana ndiyo inayowaponza wengi. Jukwaa likisogea milimita 2 toka chini kabisa hadi juu kabisa kwa Hz 25, kilele cha mchapuko wake (jinsi kasi ya mwendo inavyobadilika) ni kama mara 2.5 ya mvutano wa dunia. Kwa Hz 30 kinafika 3.6. Ukiacha Hz 30 hizo hizo ukaongeza mwendo uwe milimita 4, unafika 7.2. Kuongeza mwendo mara mbili kunazidisha nguvu mara mbili. Kuongeza kasi mara mbili kunaizidisha mara nne. Kwa mazoezi ya kiwiliwili nashauri mwendo ubaki ule mdogo kabisa wa mashine, milimita 2 hivi, na kasi ianzie Hz 25 hadi 30 kwa jukwaa linalopanda lote. Kwa lile la pembea, anza Hz 12 hadi 18, viwiko au miguu ikiwa karibu na katikati.

Tabu ni kwamba mashine nyingi za bei nafuu haziandiki Hz. Zinaandika ngazi ya 1 hadi 99, na hiyo 99 si Hz wala si kipimo kingine chochote. Ipime mwenyewe. Bandika utepe mweupe ukingoni mwa jukwaa, uchore mstari mmoja mweusi, kisha piga video ya mwendo wa taratibu ya picha 240 kwa sekunde. Simu nyingi za sasa zinaweza. Simu iwe imeegemea kiti au ukuta. Isiwekwe juu ya jukwaa: mwaka 2021 Apple ilitahadharisha kwamba mitetemo ya injini kubwa za pikipiki inaweza kuharibu kamera za iPhone. Hesabu ni picha ngapi zinapita toka mstari uwe juu hadi urudi juu tena. Ukipata 20, gawa 240 kwa 20: Hz 12. Ukipata 8, hiyo ni Hz 30. Kupima mwendo, funga penseli ulalo ukingoni, ncha ikitokeza, halafu pitisha kadi ngumu mbele yake mara moja kwa mkono uliotulia kwenye kasha. Penseli itachora mawimbi. Pima kwa rula toka bonde hadi kilele. Na lazima mtu awe juu yake unapopima, maana injini dhaifu hufanya vizuri jukwaa likiwa tupu, ikibebeshwa kilo 80 kasi inashuka.

Sasa kukaza. Simama, weka vidole viwili ndani kidogo ya ile mifupa miwili inayotokeza mbele ya nyonga, kisha kohoa kidogo. Kinachosukuma vidole ndicho unachokitafuta. Kibakize kikiwa kimekaza kiasi, kama robo ya nguvu yako, bila kunyonya tumbo ndani wala kubana pumzi. Kipimo rahisi cha pumzi ni kuhesabu kwa sauti zoezi zima. Sauti itatetemeka, hilo halina neno. Ikikatika, ujue umebana pumzi, na presha ya damu inapanda bure.

Zoezi la kwanza kwa anayeanza ni daraja, na sababu yake ni mgongo na kichwa kuwa sakafuni, mbali na jukwaa. Lala chali juu ya mkeka, nyayo juu ya jukwaa, magoti yamekunjwa kama pembe ya mraba. Kaza, nyanyua nyonga hadi magoti, nyonga na mabega viwe mstari mmoja, ndipo mwenzako awashe. Sekunde 15 zinatosha. Ukibanwa na msuli nyuma ya paja, jukwaa liko mbali mno. Sogea karibu, kandamiza kwa visigino. Ukihisi kazi yote kiunoni na makalio hayasikii kitu, umenyanyua kupita kiasi: shusha nyonga sentimita tatu nne na uyakaze makalio.

La pili ni nusu ya kuchuchumaa, ambalo wengi hulidharau. Magoti yakunjwe wazi, uzito uegemee mbele ya nyayo kuliko kisiginoni, kiwiliwili kimenyooka. Goti ni springi. Likinyooshwa, mtetemo hupanda moja kwa moja hadi kwenye fuvu. Likikunjwa, mapaja huumeza mwingi. Kichwa chenyewe ndicho kipimo: soma maandishi madogo ukutani. Herufi zikicheza au meno yakigongana, kunja magoti zaidi hadi zitulie. Mtetemo unaofika kiunoni hapa ni mdogo, lakini mikono ukiinyoosha mbele ukiwa umeshika kilo 2, misuli ya mgongo hulazimika kukushikilia.

Planki, yaani kujishikilia kifudifudi juu ya viwiko na vidole vya miguu, mwili ukiwa mstari mmoja, ndilo zoezi ambalo mtetemo hufika karibu zaidi na tumbo, kwa kuwa haupiti miguuni kwanza. Kwa hiyo ndilo linalofaa kufanywa kwa uangalifu kuliko yote. Viwiko viwe juu ya jukwaa, chini ya mabega kabisa, juu ya taulo lililokunjwa mara mbili. Godoro nene la sponji litaumeza mtetemo wote. Chuma kitupu kitakuchubua viwiko. Majukwaa mengi yana kimo cha sentimita 15 hadi 25, kwa hiyo vidole vya miguu vikiwa sakafuni mwili unainama kwenda chini miguuni na zoezi huwa jepesi kidogo. Anzia hapo. Baada ya wiki kadhaa weka miguu kwenye kasha la kimo kilekile.

Kabla ya kuwasha, mwenzako alaze mpini wa fagio mgongoni mwako. Uguse sehemu tatu: kisogo, katikati ya mabega, na mfupa wa juu ya makalio. Kati ya mpini na kiuno kiganja kipite kwa kubana. Ngumi ikipita, kiuno kimezama, na mtetemo utakaokuja utagonga viungo vidogo vya nyuma ya pingili badala ya kuipa misuli kazi. Vuta mkia ndani, kana kwamba unataka mkanda wa suruali uelekee kidevuni, kisha ondoeni mpini na muwashe. Mashine ikiwa inaenda, mwenzako aweke kiganja kiunoni pako. Akihisi mtetemo mwembamba, umefika. Akihisi kiuno kinapwaya juu chini, azime hata kama ni sekunde ya nane. Sekunde nane safi ni bora kuliko thelathini za kiuno kilichozama, na hili halina mjadala. Uso uutazame sakafuni, usiegemeze paji la uso mahali popote panapotikisika.

Planki ya ubavu, yaani kujishikilia kiubavu juu ya kiwiko kimoja, hufuata sheria hizohizo. Anza kwa magoti yaliyokunjwa, mkono wote wa mbele ukiwa umelala juu ya jukwaa, bega limesukumwa mbali na sikio. Watu huporomoka begani kabla ya kuporomoka kiunoni. Lile zoezi la kupiga magoti na kunyoosha mkono na mguu wa pande tofauti linafaa pia, kiganja kimoja kikiwa juu ya jukwaa na magoti yako kwenye kitu cha kimo sawa, ila mwenye maumivu ya kifundo cha mkono aliache.

Kukaa juu ya jukwaa sikushauri, ijapokuwa mabango mengi ya mashine yanalionyesha zoezi hilo. Aliyekaa hana goti wala kifundo cha mguu cha kupunguza makali. Mtetemo huingia kwenye nyonga na kupanda pingili kwa pingili. Tena uti wa mgongo wa mtu aliyekaa una kasi yake unayoitikia, Hz 4 hadi 6 hivi, na mashine za pembea zikiwekwa ngazi za chini zinaangukia humo humo. Ni jirani ya kasi ile inayowatesa madereva wa malori na matrekta. Umoja wa Ulaya, katika maelekezo yake ya mwaka 2002 kuhusu wafanyakazi, umeweka kiwango cha kuchukua hatua kuwa mchapuko wa wastani wa 0.5 m/s² kwa siku ya saa nane, na kikomo 1.15. Jukwaa la mazoezi linavuka namba hizo mara nyingi, na linavumilika kwa sababu tu ni sekunde chache, ukiwa umesimama juu ya springi za mwili wako au umeegemea misuli iliyokaza. Dereva aliyeshinda siku nzima kwenye usukani hahitaji kukaa juu ya mtetemo mwingine jioni. Apewe daraja na planki ya sakafuni.

Ratiba ninayoiona inafaa ni siku tatu kwa wiki, kila moja ikifuatwa na siku ya kupumzika. Wiki ya 1 na ya 2: daraja na nusu ya kuchuchumaa, kila moja mara 4 za sekunde 15, na dakika 1 ya kupumzika katikati. Hiyo ni dakika 2 tu za mtetemo, na zinatosha, hata kama zinaonekana chache. Wiki ya 3 na ya 4 ongeza planki, sekunde ziwe 20. Wiki ya 5 hadi ya 8 ongeza planki ya ubavu pande zote mbili, kila kitu mara 3 za sekunde 30; jumla inakuwa dakika 7 na nusu. Sioni sababu ya kwenda zaidi ya hapo. Ukitaka ugumu, badili mkao: daraja la mguu mmoja, miguu ya planki juu ya kasha. Kasi ya mashine iongezwe mwisho kabisa. Miguu ikiwasha na kuwa myekundu siku za mwanzo, ni damu kuongezeka kwenye ngozi, hupita. Kizunguzungu, kichwa kuuma au ganzi ya mguu havipaswi kuvumiliwa: zima.

Wapo wasiopaswa kupanda bila ruhusa ya daktari, na baadhi yao wasipande kabisa: mjamzito, mwenye damu iliyoganda mguuni, mwenye kifaa cha kuongoza mapigo ya moyo, mwenye kifafa, mwenye ngiri, mwenye diski ya uti wa mgongo iliyochomoza inayouma kwa sasa, aliyetoka kupasuliwa au kuvunjika mfupa, mwenye mawe ya figo au ya nyongo, mwenye tatizo la retina, na mgonjwa wa kisukari ambaye nyayo zimeshapoteza hisia. Aliyewekewa kitanzi cha uzazi karibuni naye asubiri, amuulize aliyemwekea.

Matangazo yanasema dakika kumi za mtetemo ni sawa na saa nzima ya mazoezi. Si kweli. Oksijeni inayotumika kusimama na kuchuchumaa juu ya jukwaa imepimwa ikakaribiana na ya kutembea kwa mwendo wa kawaida, kwa hiyo kitambi hakitayeyuka humo. Kuhusu kiuno, utafiti wa Ujerumani uliochapishwa mwaka 2002 uliwagawa watu 60 wenye maumivu sugu: wengine mtetemo, wengine mazoezi ya kunyoosha mgongo kwa uzito, miezi mitatu. Makundi yote mawili yalipata nafuu inayolingana. Naisoma habari hiyo kama habari njema: kwa asiyeweza au anayeogopa kubeba uzito, njia ipo. Na huko Berlin, wanaume 20 walilazwa kitandani siku 56. Waliofanya mazoezi ya kusukuma dhidi ya mtetemo maltifidasi zao zilisinyaa kidogo kuliko za waliolala tu. Walikuwa wanasukuma, angalia. Hawakuachiwa mashine iwatikise.

Asiye na mashine anaweza kupata mtetemo wa aina nyingine, wa polepole, unaoanzia mikononi. Kuna fimbo za kuuzwa, Flexi-Bar na Bodyblade, zinazocheza karibu mara 4.5 kwa sekunde na kukulazimisha ukaze kiwiliwili ili usiyumbe nazo. Mwanzi hufanya kazi ya jamaa hiyo. Tafuta mwanzi mkavu usio na ufa, mita 2, unaoenea vizuri kiganjani. Kila ncha ning'iniza mfuko wa mchanga wa kilo 1 kwa ukanda uliokatwa kutoka tyubu ya baiskeli, na chonga mkato mdogo kwenye mwanzi ili ukanda usiteleze. Kasi unaipanga kwa mpira wenyewe: pima urefu wake ukiwa mtupu, kisha ukiwa na mfuko. Ukiwa umeongezeka sentimita 4, mfuko utacheza kama mara 2.5 kwa sekunde. Sentimita 2, mara 3.5, sentimita 1, mara 5. Mpira mpana zaidi au uliokunjwa mara mbili hupunguza mvuto, mwembamba huuongeza. Anza na sentimita 4. Tyubu iliyopigwa na jua hukatika bila taarifa, kwa hiyo ivute kwa mkono kila siku kabla ya kuanza, na kusiwe na mtoto karibu.

Shika mwanzi kifuani kwa mikono miwili, upana wa mabega, viwiko vimekunjwa kidogo. Kaza, kisha upe msukumo mfupi wa chini mara moja. Mifuko icheze, kifua kisicheze. Ukiona mabega yanafuata mifuko, simamisha, kaza upya. Sekunde 20, pumzika 40, mara 4. Baadaye simama mguu mmoja mbele mmoja nyuma, au sogeza mikono sentimita 10 kushoto ili upande mmoja uwe mzito. Hapo ubavu wa kulia na wa kushoto utaanza kuonyesha tofauti zao.

Tofauti hizo ndizo za kupima, na zipimwe sakafuni bila mtetemo wowote. Siku ya kwanza, kabla ya zoezi lolote, fanya planki ya ubavu kila upande hadi nyonga ianze kushuka, andika sekunde. Rudia mwisho wa wiki ya 4 na ya 8, saa ileile ya siku. Upande mmoja ukiuzidi mwingine waziwazi, uongezee ule dhaifu raundi moja, na uanze nao kila siku ukiwa bado hujachoka.